Nanga ya Dirishani

Kila anayekuja kunitazama huanza na pole, akaketi kwa adabu, halafu akauliza: "Lakini jumla imekugharimu kiasi gani?" Basi nianze na jumla tuondokane nayo. Ugonjwa wangu umekula nusu ya mabomba yangu ya majukwaa, pikipiki yangu, bangili ambazo mke wangu alivaa siku ya ndoa yetu, na mguu wa kushoto wa shemegi yangu Masoud. Nimehesabu mara mbili. Vitatu vya mwanzo vinauzwa dukani.

Naandika kwa ajili ya wale ambao sasa hivi wamelala wakitazama dari, na zaidi kwa ajili ya wanaowauguza. Mimi nshaamka. Natembea na gari la chuma la miguu minne kama mtoto anayejifunza dede, nakula mwenyewe, na uji unafika mdomoni zaidi kuliko kifuani. Lililokuwa baya kabisa limepita. Lililobaki ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kazi yangu ni kukodisha majukwaa ya ujenzi hapa Mji Mkongwe. Ukiona nyumba imezungukwa mabomba ya chuma, mbao zimelazwa juu yake, na mafundi wamesimama wanabandua chokaa ya zamani wapige mpya, basi huenda mabomba yale ni yangu, na mwenye nyumba ana hakika kuwa nimemuibia. Nimezoea. Nimewahi kubishana na muuza pweza mpaka akanipa bure ili niondoke mbele ya wateja wake.

Ugonjwa haukubishana. Ulianza kaskazi inaishia, baada ya tumbo la kuendesha nililotoka nalo harusini. Tumbo lilipona, nikasahau. Wiki iliyofuata nyayo zikawa kama zimekanyaga sufi. Nililaumu viatu, maana nilivinunua Darajani kwa bei ambayo hata mimi niliona aibu kidogo. Nikavua viatu, sufi ikabaki. Kesho yake magoti yakakataa ngazi. Halafu kikombe cha kahawa kikaniponyoka barazani, wenzangu wakacheka, na mimi nikataka kucheka nao, nikakuta nusu ya mdomo haiji.

"Umeshikwa na kiharusi," akasema mmoja.

"Kiharusi cha nini, huyu kapigwa na upepo," akasema mwingine. "Mtazameni jicho."

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao chini ya feni lililokuwa linazunguka kwa kufikiria kwanza. Foleni ya hospitali haina bei ya kupunguza. Zuwena, mke wangu, alikuwa kanishika mkono. Mimi sikuuhisi mkono wake, nikaona tu kwamba umeshikwa. Nadhani hapo ndipo nilipoogopa. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, miguu haikujibu. Akaandika jina la ugonjwa, majina mawili ya Kizungu yaliyoungwa kwa kistari, akasema neva zangu zimeshambuliwa na kwamba ni lazima nivuke Dar upesi kabla maradhi hayajafika kifuani.

Kabla ya kuvuka, Shangazi Bi Asya alinisomea kombe. Huyu ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na hajawahi kuniita kwa jina langu, ananiita "baba". Aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi ya mawaridi, akaninywesha kwa kijiko. Sisemi neno juu ya kombe. Lilikuwa na harufu nzuri, na ndicho kitu cha mwisho kilichopita kooni mwangu bila mpira wa kulishia kwa miezi mingi.

Dar walinitia dawa ya dripu. Ilitoka kwenye barafu, chupa ndogo, na kila chupa ilikuwa na thamani ya fungu zima la mabomba. Nililala nikitazama jukwaa langu likiingia mkononi tone kwa tone. Masoud, kaka wa Zuwena na msimamizi wa mafundi wangu, alikuwa ndiye anayeuza huku Unguja na kutuma. Nilimsikia Zuwena akiongea naye kwa simu: "Uza. Usiniulize bei, uza tu." Ningekuwa na ulimi ningebisha.

Lakini ulimi ulikuwa umeshalala. Shingo ikalala, uso ukalala, macho yakawa hayafungi. Mtu hajui macho ni mzigo mpaka ashindwe kuyafunga. Wauguzi walikuwa wakinipaka mafuta na kuyabandika plasta ili yapumzike. Niligeuzwa kama mkate wa kumimina. Nilivalishwa nepi. Lakini akili ilikuwa nzima kama shilingi mpya. Hilo ndilo watu hawaliamini. Walikuwa wakinizungumzia mbele yangu kama kabati.

Palikuwa na rehema ndogo ndogo. Muuguzi mmoja mnene, hajawahi kunifunua shuka bila kusema kwanza, "Samahani, baba, nakufunua." Mama mmoja wa kufagia alikuwa akilisogeza feni lielekee kwangu kila anapopita, na kila akipita tena analikuta limerudishwa, analisogeza tena, wala hatujuani mpaka leo. Na Masoud, alipovuka kuja kunitazama, alinyoa ndevu zangu taratibu, ulimi kautoa nje kama mtoto anayeandika, asinikate.

Tulirudi Unguja masika imechachamaa. Masoud alinipandisha ghorofa ya juu mgongoni, nimefungwa kwake kwa khanga mbili, maana ngazi za nyumba zetu hazipitishi machela. Kila kidato alikuwa akisema, "Twende, shemegi, twende, unakuwa mwepesi siku hizi." Nilikuwa na mpira puani wa kupitishia uji na maziwa. Sauti niliyoweza kuitoa ilikuwa moja tu, ya ng'ombe aliyesahauliwa. Kope zilikuwa zimeanza kushuka kidogo, tukakubaliana kwa macho: kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Hapa ndugu muuguzaji nisikilize. Ndiyo na hapana hazitoshi. Mpeni mgonjwa wenu alama ya tatu, yenye maana "umeuliza siko". Mpeni na herufi, ziandikeni kwenye kadibodi, mfanye lolote. Sisi hatukuwa nayo, na nitawaeleza bei yake.

Nyumba tunayokaa tumepanga, na kabla sijaugua mwenye nyumba alishakubaliana nami kuizungushia jukwaa ukuta wa mbele upigwe chokaa. Mji Mkongwe hujengi jukwaa kama unavyotaka. Lazima mchoro upitishwe, na aliyekuwa akiupitisha ni Injinia Rukia, mwanamke mwembamba, sauti yake ndogo kama ya anayeuliza saa. Kuta za mawe ya matumbawe hazitobolewi. Ukitoboa zinamomonyoka, na wakubwa wa mji wamekataza. Kwa hiyo jukwaa hushikizwa nyumbani kwa kupitia madirishani. Bomba linatoka jukwaani, linaingia dirishani mpaka chumbani, na kule ndani linabanwa kwenye bomba jingine lililolazwa ukutani toka upande huu wa dirisha hadi ule. Jukwaa likitaka kukimbia nyumba, lile la ndani linagota ukutani na kulizuia. Mafundi wangu wanaliita nanga.

Mchoro alioutaka ulikuwa na nanga nne. Nilikwenda ofisini kwake, kabla miguu haijawa sufi, kupunguza.

"Injinia, nanga nne ukuta mmoja? Hili jukwaa au ng'ombe wa kuchinja?"

"Nne."

"Fanya tatu, na kila Ijumaa nakuombea dua."

"Nne," akasema, "na dua nitajiombea mwenyewe. Juu mnatundika turubai la vumbi, Bwana Salim. Kusi ikiingia, turubai linavuta. Ile ya juu kabisa ndiyo inayobeba. Na kila asubuhi nanga zote zinakaguliwa kwa mkono kabla mtu hajapanda."

Nilitoka nimeshindwa na mtu ambaye hakupandisha hata sauti. Lakini nanga nne zikawa nne, na masika ilipoisha Masoud akalisimamisha jukwaa sawasawa na mchoro, mimi nikiwa kitandani nasikia nyundo za mafundi wangu kama mtu anayesikia jirani akila. Nanga ya juu kabisa iliingia kwenye dirisha la chumba changu. Masoud alikaza klampu zinazobana mabomba, akaitikisa nanga kwa mikono miwili, akaja akachutama pembeni mwa kitanda.

"Umeiona, shemegi? Sasa na wewe umo kazini."

Nikapepesa mara moja. Ilikuwa siku nzuri.

Kisha kusi ikaanza.

Dirisha lenye bomba ndani yake halifungiki. Zile mbao zake mbili zilibaki wazi, na upepo ukawa unaingia moja kwa moja kitandani. Kwangu mimi niliyelala katika jasho langu, ulikuwa neema. Kwa Shangazi ulikuwa adui mwenyewe aliyeniangusha, anarudi kumalizia. Kila mzee wa hapa atakwambia: aliyepooza hakai mbele ya upepo.

Siku hiyo Zuwena alikuwa ametoka kwenda kununua maziwa yangu ya unga. Alikuja kunitazama Khamis, fundi pikipiki wa mtaani kwetu, ambaye ndiye aliyemtafutia Zuwena mnunuzi wa pikipiki yangu na kwa hiyo alikuwa na haya kidogo. Shangazi alikuwa amejaribu kulifunga dirisha kwa khanga, khanga ikapeperuka.

"Khamis, hebu nitazamie hapa. Hili dude la chuma la nini chumbani kwa mgonjwa?"

"La jukwaa, Bi mkubwa. Nadhani."

"Unadhani. Jukwaa si liko nje? Nje kuna mabomba hata hayahesabiki, na hili moja limekuja kutafuta nini ndani? Litoe, tufunge dirisha."

"Ngoja tumuulize Masoud."

"Masoud! Masoud nimemuona tangu mtoto anaoga uchi pale uani. Spana unayo au huna?"

Fundi pikipiki anayo siku zote. Alipiga magoti dirishani akaanza kulegeza.

Wallahi sijui nieleze vipi. Nilikuwa naona kila kitu. Niliona klampu ya kwanza inalegea, nikajua uzito unahama kwenda wapi, nikajua ni bomba gani kule nje limeshtuka. Nilikusanya pumzi yote niliyokuwa nayo nikatoa ile sauti yangu ya ng'ombe. Nikatoa tena.

Shangazi aligeuka, uso ukambadilika. Akaja mbio, akanishika kichwa.

"Sema, baba. Sema, mwanangu, mimi niko hapa. La ilaha illa Llah."

Alidhani nakata roho. Machozi yalikuwa yananitoka, ya hasira, yeye akayaona ya kuaga. Akaketi, akanilaza kichwa mapajani mwake, akaanza kunisomea Yasini kwa sauti yake nzuri ya zamani, ile aliyokuwa akinilazia usingizi utotoni. Nyuma yake Khamis aliivuta nanga ndani, akaisukuma pamoja na mwenziwe chini ya kitanda changu, akafunga mbao za dirisha, akatia komeo. Akafuta mikono kwenye suruali, akakaa mkekani, na Shangazi alipofika kwenye dua, Khamis akaitikia amin.

Zuwena aliporudi aliona dirisha limefungwa. Wakagombana, si juu ya bomba, juu ya hewa.

"Shangazi, anatota jasho! Mbona mmemfungia kama kuku?"

"Afadhali jasho kuliko sanda."

Macho yangu yalikuwa dirishani tu. Zuwena akayaona. "Unaona? Anataka lifunguliwe." Nikapepesa mara mbili. "Anataka lifungwe," akasema Shangazi. Mara mbili tena. Wakatazamana. Ndiyo mara yao ya kwanza kukubaliana tangu niugue: walikubaliana kuwa sijui ninachokitaka. Kuhusu bomba, Zuwena alifikiri kaka yake amelihamisha kwa kazi zake. Kwani yeye anajua nanga ni kitu gani?

Jioni umeme ulikuwa umekatika, na Masoud alikuja kunigeuza kwa mwanga wa koroboi iliyomulika uso wangu tu, dirisha liko gizani. Aliona macho yangu yanahangaika, akavuta kigoda, akaanza kuuliza kama tulivyozoea.

"Maumivu?"

Mara mbili.

"Haja?"

Mara mbili.

"Pesa?"

Nikasita. Pesa si mabomba, lakini kwangu mimi viko mtaa mmoja. Nikapepesa mara moja.

Akacheka. "Nilijua. Hesabu ya mabomba?"

Mara moja, kwa furaha ya mtu aliyeona mlango.

"Yote yapo, shemegi. Nimehesabu."

Mara mbili.

"Hayapo?" Akaacha kucheka. "Yamepungua?"

Mara moja. Yamepungua mawili, Masoud, yako chini ya kitanda hapo mbele yako, inama.

Hakuinama. "Yaani unasema nimeuza mengine nikatia mfukoni."

Nilipepesa mara mbili, tena mara mbili, upesi upesi. Lakini kope zangu wakati ule zilikuwa zikichoka hazifiki chini, na mbili za haraka zilionekana kama moja inayotetemeka. Niliona kwenye uso wake kwamba ameisoma ni moja.

Naye alikuwa na haki ya kusoma hivyo. Watu wote wananijua. Mtu aliyebishana na muuza pweza, hata akilala maiti, anafikiria nini kama si mali yake?

Akainuka, akakirudisha kigoda mahali pake. "Nimekubeba mgongoni," akasema kwa sauti ya chini ili dada yake asisikie. "Haya, bwana."

Tangu siku hiyo hakuingia tena chumbani. Alikuja nyumbani kila siku, alileta dawa, aliuliza hali mlangoni, akarudi. Kazi yake aliifanya. Kila asubuhi alizikagua nanga tatu za chini kwa mkono, kama mchoro ulivyotaka. Ya nne haikaguliki ila kwa kuingia kwangu. Na kule nje nayo hakuna aliyefika, kwa kuwa chokaa hupigwa kuanzia juu kushuka, na juu walishamaliza. Mafundi walikuwa chini huko, na turubai limefunika kila kitu.

Mimi nikalala pale na nanga chini ya godoro, nikisikiliza. Upepo ukija, turubai lilijaa likapumua, na mabomba yakatoa mlio mdogo ambao watu wengine wangeuita wa kawaida. Watu walikuja kunitazama, wakakaa, wakazungumza habari za Pemba na bei ya vitunguu, wakaniombea shifaa. Nilimtolea kila mmoja sauti yangu ya ng'ombe. "Anaendelea vizuri," wakasema. "Sauti imeanza kuja."

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, upepo umevimba. Nilisikia sauti ya Masoud uchochoroni: "Shukeni nyote! Hapandi mtu. Turubai nalifungua mwenyewe." Lilikuwa jambo sahihi. Injinia angelisema vilevile. Nikasikia nyayo zake zinapanda, ngazi baada ya ngazi, mpaka nikaona kivuli chake kwenye mwanya wa mbao za dirisha, mkono mmoja tu ukitutenganisha.

Nikapiga kelele. Ile ile, ya ng'ombe.

Kivuli kikasimama. Na Masoud, ambaye siku zote hizo hakusema nami neno la maana, akasema kupitia mwanya, kwa upole kabisa: "Nakuja, shemegi. Acha nilifungue hili kwanza."

Ushukuriwe uchochoro. Nyumba zetu zimekaribiana hata jirani anaweza kukupa chumvi kwa mkono. Turubai lilijaa, sehemu ya juu ya jukwaa ikajitenga na ukuta, ikapinda, ikaenda kuegemea nyumba ya pili. Pangekuwa na uwanja, Masoud angefika chini. Hakufika. Alibanwa baina ya bomba na ukuta wa jirani, mguu wa kushoto, na alikaa pale akiita jina la dada yake mpaka walipomtoa. Nilisikia yote. Dirisha lilikuwa limefungwa. Upepo haukuingia hata kidogo.

Injinia Rukia alikuja siku ya pili. Mimi nilikuwa nimebandikwa plasta machoni, ulikuwa ndio wakati wa kuyapumzisha, kwa hiyo nilisikia tu. Nilisikia akifungua mbao za dirisha, akiinama.

"Nanga iko hapa chini ya kitanda. Nani aliitoa?"

Zuwena akajibu, amechoka, mume kitandani na kaka hospitali: "Sijui, Injinia. Mwenye spana humu ni Masoud."

"Alikuwa akiingia kukagua?"

"Alikuwa haingii. Siku zile alikuwa haingii."

Kalamu ikaandika. Nilitoa sauti. "Pole, Bwana Salim," akasema Injinia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Pumzika. Haya si ya kukusumbua wewe." Shangazi hakuwepo, alikuwa hospitali, amempelekea Masoud uji.

Mguu waliukata chini ya goti. Ikaandikwa kwamba msimamizi aliondoa nanga kinyume cha mchoro na hakukagua. Masoud hana ruhusa tena ya kusimamia jukwaa lolote mjini.

Vuli ilipoanza kunyesha, kidole gumba cha mkono wa kulia kikasogea. Zuwena alikiita chumba kizima kije kukitazama. Baada ya kidole, kifundo. Baada ya kifundo, shingo. Mpira ukatolewa puani. Kisha asubuhi moja nikasema "chai". Lilitoka kama limefungwa tambara, lakini lilikuwa chai. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia madirishani bila kujua wanaitikia nini.

Na tangu hapo anawahadithia wageni. "Tulimfungia dirisha. Upepo ukamkosa, ukamwacha." Bomba halitaji. Hafichi, hana habari nalo. Kwake yeye lilikuwa kama fagio lililoondolewa njiani. Khamis anajua. Siku ya pili ya ajali aliacha kuja, na sasa nasikia yuko Paje anatengeneza pikipiki za watalii.

Sasa kaskazi imerudi. Mimi na Masoud tunakwenda mazoezi ya viungo hospitali moja, siku moja, tunakaa benchi moja. Watu wa pale wameshatuzoea: mmoja ana miguu miwili haifanyi kazi, mwengine ana mmoja unafanya. "Tukiunganishwa," Masoud huwaambia, "anapatikana mtu mzima na salio." Shangazi huja nasi. Kamchukua Masoud kuwa mwanawe, humsugua kigutu kwa mafuta ya nazi na karafuu, polepole, huku akimwambia, kwa mapenzi kabisa, "Maskini wee, mtu hujisahau mara moja tu." Naye huinamisha kichwa. Zuwena bado hajamsamehe kaka yake. Huwa anampa chai bila kumtazama.

Juma lililopita, tukisubiri kuitwa, Masoud aliniambia jambo ambalo limeninyima raha.

"Unajua, shemegi, nimefikiri sana. Labda nililitoa mwenyewe nikasahau. Siku zile nilikuwa nimekasirika. Mtu akikasirika mikono inafanya mambo."

Nikashika gari langu la chuma.

"Na wewe siku ile ulikuwa unataka kuniambia kitu. Kilikuwa nini?"

Ulimi ninao. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi alikuwa katikati yetu, anamenya chungwa, akampa Masoud kipande cha kwanza. Moyo wake mbovu. Daktari wake ametuonya asipate mshtuko. Nikafunga mdomo. Masoud akaitwa jina, akashika magongo, akaenda.

Nimezipima bei mbili hizi kila upande, na kupima bei ndiyo riziki yangu. Nikisema, Masoud anarudishiwa jina lake, na pengine kazi yake, na Zuwena anarudishiwa kaka; na mwanamke aliyenilea, aliyenipa uji kwa mpira tone kwa tone, atajua kwamba mguu anaousugua ni yeye aliyeukata. Nisiposema, Shangazi atakufa ana furaha, na kijana aliyenibeba mgongoni ataendelea kujihukumu mpaka aikubali hukumu. Hakuna bei ya katikati. Nimeitafuta.

Kwa hiyo nawaomba ushauri, ninyi mliowahi kulala mkaona yanayofanyika na hamkuweza kusema, kisha Mungu akawarudishia sauti, na ninyi mliouguza. Mazoezi yetu ni Jumatatu. Masoud ataniuliza tena, namjua, na Shangazi atakuwa ameketi katikati yetu. Nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani?